Alama za Kisu cha Tata

"Wacha hiyo!" nilimfokea mgeni mbele ya watu wote.

Lilikuwa tamasha la Agosti hapa Tabaka, mji wetu wa wachonga mawe. Watalii waliketi uwanjani, mikono ndani ya mabeseni ya maji, wakifundishwa kusugua mawe kwa msasa. Huyu alikuwa ameokota kinyago cha kiboko, cha mwisho alichochonga Tata, baba yangu, kabla hajafariki. Hakikuwa kimesuguliwa. Alama za kisu chake bado zilikwaruza kidole.

Mama alikichukua. Miaka yote Tata alichonga, yeye akasugua, wakitaniana mpaka jua linazama. Tangu tumzike, Mama hakuwa amegusa beseni.

Alipapasa mguu wa nyuma, akacheka. "Ona huu ulivyo mfupi! Alikuwa anakimbilia chai, baba yako."

"Mama, ukisugua, Tata atafutika."

"Sasa unataka aseme niliiacha kazi yake nusu?"

Alikizamisha majini. Jiwe jeupe likatoa mistari ya rangi ya waridi ambayo sikuwahi kuiona.

"Nipe kwanza," nikasema.

Nilipitisha kiganja mgongoni mwa kiboko, polepole, alama moja baada ya nyingine. Kisha nikamrudishia Mama.