Aliyejitoa Kikundini

Mkono wa kushoto wa gauni la harusi ulikuwa umeshashonwa pale shangazi wa bwana harusi alipofika dukani na kusema wa kulia usishonwe.

Hakukaa. Alisimama mlangoni, mkoba kifuani, akasema kwa upole unaouma kuliko tusi kwamba ukoo umeona bora kila mtu abaki kwao. Hawana ubaya na mtu. Ila mgonjwa wa kifafa hafichwi, na wao walifichwa. Akataja vidonge vya bibi harusi kwa rangi yake. Akataja Jumanne ya kliniki. Akataja mpaka siku binti alipoanguka bafuni akajing'ata ulimi.

"Nani kawaambia?" aliuliza mama wa bibi harusi, ndiye fundi mwenyewe, akitua pasi juu ya kigae chake kilichopasuka. Kigae kikagonga, kama kawaida yake.

"Tumesikia kwa masikio yetu," shangazi alisema, akaenda zake.

Fundi yule alikuwa mjane. Alimsomesha binti yake kwa cherehani moja, na sasa binti ndiye anayemtungia uzi kwenye sindano na kumsomea meseji, maana macho yamechoka. Katika mambo yote ya harusi, binti alimwomba jambo moja tu: asimwambie mtu. Binti mwenyewe atamwambia mchumba wake, kwa kinywa chake, Jumapili hii. Na mama hakumfungulia mwanadamu moyo wake. Mzigo ule aliutua kwa Mungu peke yake, kila asubuhi, pasi ikipata moto.

Basi alibaki mtu mmoja. Siku ile ya bafuni, aliyesaidia kuvunja komeo na kumbeba binti ni jirani wa ng'ambo ya barabara, muuza nyanya. Mtaa mzima unamwita Mama Redio, kwa sababu habari ikipita kwake asubuhi, kufikia adhuhuri hata viziwi wanayo.

Mama aliokota ushahidi mmoja mmoja, kama anavyookota pini sakafuni. Wiki mbili zilizopita, alisikia, Mama Redio alijitoa bila kuaga kwenye kikundi cha maombi cha simu, kikundi cha kutumiana sala za sauti ambacho mama mwenyewe hakosi hata asubuhi moja. Tena wiki hiyohiyo alikuja dukani mara mbili akitaka maneno ya faragha. Mara zote mbili mama alimwambia arudi harusi ikishapita, maana neno moja la Mama Redio huwa lina watoto na wajukuu. Kumbe dhamiri ilikuwa inamsuta.

Alivuka barabara kanda ya kupimia ikiwa bado shingoni. Pale mezani palikuwa na wateja wanne, naye hakusubiri waondoke. Alimwambia kwamba ulimi hauna mfupa lakini wake hauna hata haya. Kwamba amemuuza mtoto wa mjane kwa bei ya nyanya zilizooza. Kwamba asikanyage tena mlangoni kwake, hata akisikia maiti iko ndani.

"Leo redio imezimwa," mteja mmoja alisema, na wenzake wakacheka.

Mama Redio alikuwa anapanga nyanya mafungu mafungu. Alipomaliza, alizivuruga akaanza kuzipanga upya.

"Nilikuja mara mbili, dada," alisema mwishowe.

"Basi hii ni ya tatu. Sema, watu wasikie."

Mama Redio aliwatazama wateja, mmoja baada ya mwingine. Akatikisa kichwa. "Mbele ya watu siwezi."

"Mnamwona," mama akawaambia. Akarudi dukani moyo umetulia kidogo, kama mtu aliyemlipia mwanawe kisasi kwa haki.

Jioni binti alirudi kazini, macho yamevimba, akamkuta mama anafumua ule mkono wa kushoto. Mama alimsimulia yote: yule mwanamke ameumbuliwa mchana kweupe, hatarudia tena kuchezea jina la mtu. Binti alivuta kigoda, akasema kwamba mchumba wake amemtumia kitu. Mchumba alikipata kwa mama yake mzazi, na mama yake alikipata kwa mtu ambaye hata hamjui. Kinasambazwa siku nyingi sasa.

Aliweka simu juu ya meza ya kukatia.

"Sikiliza, mama."

Kwanza ulisikika mgongano mdogo, wa pasi ikitua juu ya kigae kilichopasuka. Kisha sauti ya mwanamke, taratibu, yenye machozi. Ilitaja majina yote matatu ya binti, ili rehema, ilisema, zisikosee mlango. Ikataja ugonjwa. Ikataja vidonge kwa rangi yake, na Jumanne, na bafu, na ulimi.

"Haya nimekuambia wewe peke yako, Bwana," ilimalizia sauti ya mama, "maana wanadamu hawatunzi siri."

Mkasi ulianguka, hakuna aliyeuokota. Binti alichukua simu ya mama, akafungua kikundi cha maombi, akarudi nyuma mpaka asubuhi ile ya wiki mbili zilizopita, sauti ile ilipotumwa kutoka simu hiyohiyo. Kikundini, watu mia mbili na sita. Akaanza kumsomea, kama amsomeavyo siku zote: Amina. Amina, mama yetu. Amina. Amina.

Katikati ya amina zile kulikuwa na mstari mmoja tofauti, nao akausoma polepole: "Viongozi, naomba muifute hii upesi, huyu ni mtoto wa watu."

Hakuna aliyeujibu. Amina ziliendelea mpaka jioni, na chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu ambazo mama asingeweza kuziona, simu ilikuwa imeandika: Mama Redio ameondoka kwenye kikundi.