Kilo Iliyonenepa

Kilo ya Mama Maharage ilikuwa imenenepa tena.

"Gramu mbili," alitangaza mkaguzi wa mizani, pua yake ikikaribia kugusa sahani. "Mama, jiwe lako limezidi. Lipigwe tupa, lipungue."

"Mara ya nne hii, mwanangu! Jiwe la chuma, halili, halinywi. Linenepe kwa sababu gani?"

"Hapo ndipo elimu inapoanzia," alijibu mkaguzi, akaligonga daftari lake.

Humo mlikuwa na vipimo vya miaka kumi na moja: mawe ya wauza nyama, ya wauza mchele, ya duka la misumari. Kila mwaka yalizidi. Halikupungua hata moja. Mtu mwingine angepiga miayo. Yeye aligundua kanuni. Vitu vyote vya mji ule vilikuwa vinaongezeka uzito, kidogo kidogo, kimya kimya! Aliandika kurasa arobaini, akazipeleka chuo kikuu, na leo profesa mzima alikuwa amekuja, amekaa hapa ofisini mwa mkaguzi, kalamu mkononi. Akizitia sahihi kurasa hizo, jina la mkaguzi litaingia vitabuni. Asipotia, atabaki yule yule ambaye wauza nyama humwita Bwana Gramu.

"Profesa, nisemee," alilia Mama Maharage. "Kila nikilikata jiwe, wateja wananijia juu: mama, kilo yako siku hizi haijazi sufuria! Leo sikati. Akinifungia meza, nitahamia humu humu na magunia yangu."

"Sufuria si kipimo," alisema mkaguzi.

"Na hilo jiwe lako, nani analipima?"

Mkaguzi alicheka kwa huruma. Jiwe la serikali lilikaa juu ya kitambaa cheusi, shaba tupu, likimeremeta hata akaona masharubu yake ndani yake.

"Mama yangu, hili halipimwi. Hili ndilo linalopima."

Profesa alikohoa. Alifungua kisanduku cha mbao, akatoa jiwe la kilo la chuoni, lenye cheti chake, ambalo halijaonja tupa tangu litoke kiwandani.

"Kanuni isiyokubali kujaribiwa ni porojo," alisema. "Jiwe hili halijawahi kulala mjini kwenu. Kama usemayo ni kweli, halijanenepa, na litalingana na lako."

"Weka," alisema mkaguzi. Aliisogeza mizani mbele.

Jiwe la serikali likawekwa huku, la chuoni kule. Sahani ya profesa ikazama.

Mama Maharage akapiga kofi. "Haya! Kanuni imekufa, tukazike!"

Mkaguzi alisimama kama aliyemwagiwa maji. Akaongeza vijiwe vidogo upande wake, kimoja kimoja, midomo ikihesabu. Kisha uso ukamchanua.

"Gramu kumi na tisa! Profesa, nilikosea, nilikosea sana. Nilidhani ni mji huu tu. Kumbe ni dunia nzima!"

"Yarabi," alisema Mama Maharage, akakaa juu ya gunia alilokuja nalo.

Profesa alifunga kalamu yake. Aliinama juu ya lile jiwe la serikali, akalitazama kwa muda mrefu. Kingo zake zilikuwa za mviringo kama sabuni, na mhuri uliochongwa juu yake ulikuwa umebaki kivuli.

"Zuri," alisema polepole. "Miaka yote hiyo, halina hata doa. Unalitunzaje?"

Tangu aajiriwe, mkaguzi hakuwahi kuulizwa swali hilo. Alivimba kifua, akavuta droo, na kwa mikono miwili akatoa kipande cha msasa.

"Kila asubuhi, Profesa," alisema. "Miaka kumi na moja. Sijaruka hata siku moja."