Matopetope ya Kitanda cha Sita

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne, saa nne na robo asubuhi, mganga mkuu alipobandika karatasi kwenye geti la hospitali. Hakuna ndugu kuingia wodi ya waliotengwa. Kinachotoka nyumbani kipokelewe getini, kiandikwe. Akaipigilia kwa kiganja, akapanda gari lake la vioo vyeusi, akaenda zake. Wakubwa dawa yao ni hiyohiyo kwa kila ugonjwa: karatasi.

Fundi baiskeli alikuwa amesimama palepale. Machela ya mkewe ilikuwa imepita getini dakika kumi tu kabla. Karatasi yenyewe alisomewa na bawabu, maana shule aliiacha kabla haijamwacha.

"Kwa hiyo simwoni?"

"Humwoni, mzee."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mganga mkuu aseme."

"Na yeye atasema lini?"

"Mimi nalinda geti. Mdomo wa mganga mkuu silindi."

Bawabu huyo watu walimwita Kufuli.

Mkewe alikuwa ameacha neno moja tu wakati anapandishwa ghorofani. Mdomo umekuwa mchungu, alisema, hakipiti kitu ila topetope la kinamasini. Na mhudumu wa machela akamwambia fundi bila kugeuka: homa hii inaua wasiokula, anayekula anapona.

Basi fundi akafunga karakana yake.

Mtopetope wa kinamasini husimama na miguu ndani ya maji, kama mwanamke afuaye. Tunda lake halichumwi. Lisubiri liive, lidondoke lenyewe, lielee. Unalinusa kabla hujaliona, harufu tamu inayokushika puani na kukuongoza hatua kwa hatua kwenye matope. Na haliwekeki: la asubuhi, jioni limeshachacha. Kwa hiyo kila kulipopambazuka fundi alikuwa majini, tope la kifua, ruba wamemganda mapajani, anasukuma matete kwa kidevu. Saa mbili yuko getini na kapu.

"Leo yananukia kweli, fundi!"

"Chukua moja, kaka. Mengine mpelekee."

Kufuli alifungua daftari kubwa, akaandika, akapiga alama ya vema. Fundi aliipenda ile alama. Kuandika hajui, lakini vema anaijua, na kila akiiona moyo ulishuka mahali pake. Leo amekula, alijiambia. Leo hafi.

Kesho yake kapu lilimrudia tupu.

"Amesemaje?"

"Amesema matamu mno. Kakuombea dua mpaka ulimi umechoka."

Fundi akacheka mpaka machozi. Huyo ndiye mkewe, hata kitandani ana maneno. Akakunja kapu kwapani, akarudi nyumbani akitembea kama bwana harusi.

Siku ya saba alisogea upande wa nyuma, akainua macho ghorofani. Dirisha la tatu, mkewe huyo! Amekonda, mabega yamekuwa kama tundikio la nguo, lakini amesimama kwa miguu yake. Fundi akapunga mikono yote miwili. Mkewe akaleta vidole mdomoni, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha mtu akafunga pazia.

Alikimbia kumwambia Kufuli.

"Si unaona mwenyewe?" Kufuli akajipangusa ndevu zilizonata. "Anataka mengine. Umemzoesha vibaya, mzee."

Kesho yake fundi alivuka mpaka kule ambako wavuvi wenyewe hawaendi, kwenye mitopetope mitatu mikubwa inayosimama peke yake. Maji yalimfika midomoni. Alijikwaa, akazama, akaibuka kapu likiwa juu ya kichwa, hajapoteza hata tunda. Siku hiyo alipeleka makapu mawili. Na siku iliyofuata mawili. Miguu yake ikachubuka, ikaanza kutoa maji, akaifunga matambara na tyubu za baiskeli, akaenda tena.

Siku ya kumi na tatu nesi alishuka mwenyewe mpaka getini, kitambaa puani. Kufuli alimwona kwa mbali, akakumbuka kwamba ana shida ya choo.

"Wewe ndiye mume wa yule mama wa kitanda cha sita?"

"Ndiye mimi, mwanangu." Fundi akainua kapu kwa tabasamu. "Ya leo yamekubali hasa."

"Liweke chini, baba. Mama amefariki alfajiri."

Kapu halikuanguka. Alilishika tu.

"Homa?"

"Homa ilimtoka siku ya tano. Mimi nimehamishiwa wodi hii leo, ndiyo nimeona." Mkononi alikuwa na orodha ya jikoni. Jina la kitanda cha sita lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu tangu siku ya kwanza kapu lilipoandikwa getini. "Mgonjwa anayeletewa chakula kutoka nyumbani, jikoni hapikiwi, ndiyo amri ya mganga mkuu. Na daftari la geti kila siku limeandikwa: ameletewa, ameletewa, ameletewa."

Akamtazama kuanzia matambara ya miguuni mpaka usoni, kwa jicho kavu.

"Wenzake wa wodini wanasema hajaonja kitu cha nyumbani hata siku moja. Mkeo ameuawa na njaa, baba. Siku zote hizi ulikuwa unakuja hapa kuandikisha nini?"