Mtoto wa Chatu

"Hana sumu huyu," baba watoto alisema, akichuchumaa kando ya njia. "Mtoto wa chatu tu. Njoo umguse, mwanangu."

Mkewe, muuguzi, alimdaka binti yao mkono kabla hajapiga hatua ya pili.

Nyoka alikuwa mfupi, mnene, amejilaza juu ya majani makavu, mgongoni ana alama kama vichwa vya mishale. Miaka kumi na mmoja muuguzi alikuwa akisafisha vidonda vya waliokanyaga nyoka wa aina hiyo hiyo.

"Ni kifutu, ana sumu kali. Toka hapo."

"Haya, daktari kasema!" Mumewe akawageukia kaka zake waliokuwa wakiwafuata nyuma, nao wakaangua kicheko, kama walivyomcheka muuguzi asubuhi alipouliza nani kabeba maji ya safari. "Huyu mwanamke kila kitu anakijua yeye!"

Damu ikamchemka muuguzi. Akameza matusi matatu, kwa sababu mtoto alikuwa anasikia.

Mumewe akanyoosha mkono. Pete ya ndoa ilikuwa imezama kwenye kidole kilichonenepa.

"Basi vua pete kwanza," muuguzi akasema. "Mkono ukivimba haitatoka. Na mimi sikati pete leo, nimechoka."

Nyoka akajijaza pumzi, akaitoa kwa sauti kama tairi lililotoboka.

Mumewe akamtazama mkewe. Akawatazama kaka zake, wote macho kwake. Kisha, akiwa bado amechuchumaa, akakitia kidole mate na kuanza kuizungusha pete itoke.