Kiti cha Dereva

"Mama watoto, nawe umezidi! Kile kiti cha gari lako nimekikalia mwenyewe, hakina tatizo."

"Umekikalia kwenda dukani na kurudi. Mimi nasambaza mikate kutwa nzima!"

Mumewe, fundi makochi, hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. Makochi ya mtaa mzima aliyashona yeye. Kiti cha gari la mkewe alikuwa akikirundikia mito na ahadi za kukitengeneza Jumamosi.

Asubuhi hiyo mgongo ulimkatalia mkewe kuinama kumvalisha mwanawe viatu.

Alichukua spana, akaenda kwenye gari, akaanza kufungua boliti nne. Ya mwisho ilishika kutu. Aliikanyaga spana kwa kisigino mpaka boliti ikalia, ikaachia.

Fundi alipomaliza kukata kitambaa mezani na kugeuka, stuli yake haikuwepo. Mbele ya cherehani kilisimama kiti cha gari, bila mto hata mmoja.

"Karibu, baba watoto. Si hakina tatizo?"

Akakaa kwa kiburi. Springi ikamchoma kiunoni, akataka kuinuka.

"Tulia," alisema mkewe, akijinyoosha kwenye kochi jipya la mteja. "Kutwa bado ndefu."