Mwendo wa Msellem

Tangu iamriwe kila mtu mzima avae fulana ya kunyoosha mgongo, hakuna aliyelalamikia kiuno tena. Hata hivyo, Mwanapili hakuacha kumkanda mumewe, Msellem, kwa mafuta ya nazi kila jioni. Siku hiyo vidole vyake vililizunguka bega la kushoto, vikarudi, vikazunguka tena.

"Hapa palikuwa na kifundo," alisema.

"Kimeyeyuka, mke wangu. Hufurahi?"

Alifurahi, lakini moyo haukutulia. Mgongo ule ungeweza kuwa wa mwanamume yeyote mtaani.

"Hebu inuka utembee kama zamani, ule mwendo wako wa maringo, bega moja chini."

Msellem alicheka, akaenda kifua wazi hadi mlangoni na kurudi, amenyooka kama mshale. Alijaribu tena, na kicheko kikamkauka.

"Mwanapili, kwani nilikuwa natembeaje?"

"Wewe nawe! Tazama." Aliinuka amwigize, maana mwendo ule aliujua tangu uchumba wao. Akainua mguu. Mguu ukatua sawasawa, na wa pili ukaufuata vilevile.

Wakabaki wamesimama wima, wakitazamana.