Msiwape Samaki Meno ya Watoto

Akina mama wenzangu, tangu kila nyumba ipewe samaki wa kale wa kufuga tangini, wangu nampenda. Kafanana na papa, na meno yake hayang'oki. Ya utotoni yanajikunja ndani ya taya kama kamba iliyoviringishwa. Nikimtazama nasahau hata chungu jikoni.

Jino la Zuena wangu lilipong'oka hakulirusha paani kama tulivyofanya sisi. Alilitumbukiza tangini.

"Samaki we, chukua langu, nipe lako!"

Nikacheka.

Leo kaja mbio. "Mama, limeota!"

Limeota kweli kinywani mwake, jamani, jeupe, zuri mno. Nyuma yake limejikunja jingine, na jingine. Meno rusheni paani. Nimemulika tochi koo lake zima, mwisho wa meno sijauona.